Chanuo ya mama

Leo shauri langu mwenyewe limeniliza.

Munaonijua hapa Mutakura, kila siku nawaambia: osheni chanuo zenu na maji ya moto na sabuni, nywele zitapendeza.

Leo nimerudi kutoka kazini, mudogo wangu Aisha akaniita uani. Ameanika chanuo zote juani, zinang'aa.

Na ya mama imo.

Mama alifariki kabla ya Ramadhani. Hiyo chanuo niliificha kwenye droo, nywele zake tatu nyeupe zikiwa bado zimeshika kwenye meno. Mi sikumwambia mutu.

"Dada, uchafu wote nimeutoa," Aisha akasema, anangoja nimusifu.

Nikamusifu. Nikakaa chini, nikamwomba anichane na ile ya mama.

Nyinyi mulio na kitu cha mama, musikioshe.