Paka wa Maskati na Kinu cha Ammoh

Mjukuu wangu anasoma nchi ya baridi. Juzi alikuja likizo, akanionyesha kwenye simu paka amesimama juu ya theluji, anakung'uta mguu mmoja baada ya mwengine kama bibi harusi aliyekanyaga tope. "Bibi, haya wewe hujayaona!" Nikamwambia akae kitako. Nimeyaona Maskati, tena ndani ya ukuta wa mji, kabla mama yake hajazaliwa. Akacheka. Basi nnayaandika, na mwenye kucheka acheke.

Tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne na nguo tulizovaa. Haukupita muda mrefu nikaolewa Maskati na mtoto wa ami yangu. Harusi haijapoa, mume karudi kazini Kuwait, mimi nikabaki na mama yake. Nilimwita Ammoh, shangazi, ndiyo adabu ya huko. Mwanamke mfupi, mkavu, sauti kama ya kadhi. Kiarabu changu kilikuwa kinachechemea, na Kiswahili hakutaka kukisikia nyumbani mwake. "Hapa si Zinjibar," akisema.

Sawa. Nikapata wa kusema naye. Paka wa kijivu, ncha ya mkia imekatika, aliingia mwenyewe kutoka kichochoroni akakaa jikoni. Nilimsimulia kila kitu: nyumba yetu ya Unguja, shoga zangu, chumvi iliyozidi kwenye mchuzi wa Ammoh. Alikuwa akinitazama usoni mpaka nimalize. Mtu gani mwengine alifanya hivyo?

Mwoga wa kelele alikuwa, sikatai. Kifuniko cha sufuria kikianguka, mbio. Jiko la mafuta likinguruma, mbio. Mzinga wa kufunga milango ya mji ukilia, humwoni tena mpaka asubuhi. Lakini adui yake mkubwa alikuwa kinu cha shaba cha kahawa.

Huko watu hawatwangi kahawa kimya kimya. Mchi unagongwa kwenye mdomo wa kinu, unalia kama kengele, na kila nyumba ina mpigo wake. Majirani wakiusikia mpigo wako, wanajitanda shuka zao wanakuja. Mwanamke alijulikana kwa mlio ule. Sasa mtie paka hapo: Ammoh anagonga, wageni wanaingia, paka anawapita baina ya miguu kama risasi, sinia la tende chini.

Mara ya kwanza Ammoh aliziokota tende. Mara ya pili akasema mbele ya watu wote, kwa Kiarabu chake kilichonyooka:

"Paka mzima hakimbii mlio wa kahawa. Huyu anaona kitu. Na kitu hicho kimekuja na mtu."

Macho yote kwangu. Zinjibariya, mtu wa Unguja, kwao uchawi, nani asiyejua?

"Ammoh," nikasema, "paka huyu kazaliwa kichochoroni kwako. Kama ana jini, jini ni la Maskati. La kwetu lingekaa likanywa kahawa."

Jirani mmoja mnene alicheka mpaka akapaliwa. Ammoh hakucheka.

"Kesho mchuuzi wa samaki akija atamtia guniani akamtupe Sidab kwa wavuvi."

"Akitoka paka, natoka na mimi."

"Utakwenda wapi, bint?"

Hapo alinipiga penyewe. Kwetu hakukuwa na kurudi, na yeye anajua.

"Sendi mbali. Ntakaa kwenye kizingiti chako, paka mapajani. Kila apitaye akiuliza mke wa mtoto wa nani huyu, ntamwambia."

Sikuwa nnatisha tu. Niliona wazi: leo paka, kesho ulimi wangu, keshokutwa mimi mwenyewe.

Asubuhi yake mbingu ilikuwa nyeusi, baridi ya kutetemesha meno. Ammoh akakitoa kinu mapema. Alitaka majirani waje washuhudie kabla mchuuzi hajafika. Wakaja, wakakaa ukumbini, chini ya paa la bati linalotazama uwanja. "Tazameni," akasema, akagonga. Paka huyo, mpaka ghala la tende.

"Mmeona?"

"Hata mimi ningekimbia," yule mnene akasema, "unavyokigonga hicho kinu, dada yangu!"

Hajafunga mdomo, mvua ya mawe ikaanguka.

Mimi mawe ya barafu sijapata kuyaona Unguja, na wao wengi walikuwa wakiyasikia kwa watu wa milimani tu. Yalipiga bati lile kama mtu anamwaga magunia ya misumari. Vikombe viliruka, wanawake wakapiga kelele, huyu anasoma Ayatul Kursi, huyu anamwita mama yake aliyekufa zamani. Na Ammoh? Ammoh alitupa mchi akakimbia. Nikamfuata. Nikamkuta ghalani, kajibana nyuma ya magunia ya tende, shuka kichwani, na paka wangu yuko naye bega kwa bega, wanatazamana.

Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ammoh, na wewe umeona jini gani?"

Kicheko cha majirani kilitoka nyuma yangu, kikawa kikubwa kushinda bati. Ammoh alinitazama kwa jicho la kuchinja.

Mawe yaliponyamaza, uwanja ulikuwa mweupe wote. Wa kwanza kutoka alikuwa paka. Akaweka mguu, akauondoa, akaukung'uta. Akaweka mwengine, akaukung'uta. Akanusa jiwe moja, akalilamba, akalipiga kofi likateleza, naye akaruka juu miguu yote minne. Wanawake walikuwa wanafuta machozi. Nikamwambia kwa sauti, kwa Kiswahili, wote wasikie: "Usiogope baba, maji hayo." Hakuna aliyenikataza.

Mchuuzi akafika, miguu imelowa, gunia begani. "Yuko wapi huyo paka?"

Tukamgeukia Ammoh sote.

"Paka gani?" akasema. "Weka samaki uende zako."

Kesho yake akashika kinu, akasita, akaniita. "Bint, mtoe paka wako nje, nataka kugonga."

"Mtoe mwenyewe, Ammoh. Ghalani mshajuana."

Nilidhani atanirushia mchi. Akanyanyuka, akamwinua paka kwa makwapa, miguu inaning'inia, akamweka kichochoroni akafunga mlango. Kisha akagonga kinu chake kwa nguvu zake zote. Majirani walipoanza kuingia, nilikwenda kumrudisha paka ndani, nnamwita kwa Kiswahili kutoka jikoni mpaka mlangoni, na Ammoh anasikia.