Namba Tatu Ukutani

Harufu ya rangi ya mafuta ikichanganyika na ya kahawa chungu hunirudisha Tabora papo hapo, popote nilipo. Hunirudisha kwenye kiangazi kile timu yetu, Wapagazi, ilipokuwa imeshuka daraja na uwanja ukaachiwa mbuzi. Mji uliozoea kufunga maduka mapema kila Jumamosi haukujua ufanye nini na alasiri zake. Basi mashabiki wakahamia kwenye benchi la kahawa mbele ya jumba la klabu, wakawa wanacheza mechi za zamani kwa mdomo. Walianza saa kumi, kana kwamba refa amepuliza kipenga, wakaenda mapumziko wakala kashata, kisha wakarudi kumalizia kipindi cha pili. Wa Itetemia walikuja kwa baiskeli, na walikuwepo hata waliotoka Isikizya, vumbi limewajaa mpaka kwenye nyusi. Mgeni angedhani kuna msiba. Sisi tulijua kwamba Wapagazi wako uwanjani.

Baba yangu, Luka Maganga, hakukosa hata Jumamosi moja. Enzi zake alicheza beki wa kushoto, na watu wakamwita Komeo. Mimi ni kitindamimba wake. Goti lilimstaafisha kabla sijazaliwa, kwa hiyo sikuwahi kumwona akicheza. Lakini jina la Komeo nilitembea nalo shuleni kifua mbele, na aliyelichezea alipambana na mimi. Baba mwenyewe hakuwa mtu wa kujishusha. Alisema waziwazi kwamba Tabora haijapata beki kama yeye, tena alisema huku anakunywa uji, kwa sauti ya mtu anayekutajia leo ni siku gani. Alikuwa na tabia moja iliyomchekesha mama: kila akimaliza kazi ngumu, iwe kupasua kuni au kuziba paa, aliinama akapandisha soksi ya mguu wa kushoto, hata kama amevaa kandambili na soksi yenyewe haipo.

Kiangazi hicho viongozi wa klabu waliamua kuchora ukutani wachezaji bora wa Wapagazi wa wakati wote, ili watoto tusije tukawasahau timu ikiwa huko chini. Fundi akaanza kwa kuchora jezi kumi na moja za bluu zisizo na vichwa. Vichwa vikawa vinaongezwa kila benchi lilipokubaliana. Msimamizi wa mjadala alikuwa Bi Zuhura, muuza vitumbua, aliyeongoza ushangiliaji tangu ujana wake na sauti yake ilisikika mpaka stesheni. Aliweka sharti moja. Hakuna mtu kujisemea, wala shabiki kumsemea kipenzi chake. "Sisi wa jukwaani tulikuwa tunapiga kelele tu," alisema. "Aseme aliyekuwa ndani."

Mwisho ikabaki jezi moja tu bila kichwa, namba tatu. Wengi walimtaka baba. Wengi vilevile walimtaka Shabani, kijana wa Ulyankulu aliyekuja kuchukua nafasi yake baadaye, mwenye mguu wa kushoto uliopiga faulo hadi nyavu zikalia, na ambaye Dar es Salaam walikuja kumchukua. Shabani alikuwa na shahidi, kipa wake wa zamani, aliyemsemea mpaka watu wakasisimka. Wenzake baba walikuwa wamekufa au wamehamia Mpanda na Kigoma. Baba alinyamaza, na nilivyomjua, kunyamaza kule kulimuuma kuliko goti. Katika benchi zima aliyewahi kuwa naye ndani ya uwanja alikuwa mtu mmoja tu, naye ndiye niliyemchukia kuliko watu wote wa mji ule.

Mzee Chilongani alikuwa Mgogo, winga wa kulia wa timu moja ya Dodoma, ambaye baadaye kazi ya reli ilimhamishia kwetu, akaoa, akabaki. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokatiza Ugogo na mizigo mabegani wakiomba maji ya kunywa. Mtani ana ruhusa ya kukwambia lolote, na ukikasirika aibu ni yako. Yeye aliitumia ruhusa hiyo yote. "Komeo gani? Komeo la mlango uliooza!" alikuwa akisema. "Nilikuwa napita pale macho nimefumba." Benchi lilivunjika mbavu, na baba akacheka kuliko wote. Nilipomwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, binti wa mlango mbovu." Nilisaga meno.

Bi Zuhura ndiye aliyemgeukia Jumamosi ile ya namba tatu. "Mzee Chilongani, wewe ulikuwa ndani. Utani weka pembeni, utwambie." Niliona jezi ile ikipata kichwa cha Shabani, na baba akipita mbele yake kila siku akienda sokoni.

Mzee Chilongani aliweka kikombe chini, akavua makubazi, akakunja suruali, akaenda katikati ya barabara. Kwanza alikuwa yeye mwenyewe, winga, anakimbia na mpira usiokuwepo, mabega yanacheza. Halafu akageuka, na mbele yetu akawa baba. Aliinama kidogo, mikono imetanuka, mguu wa kushoto nyuma. Macho hayakufuata mpira, yalifuata kiuno cha winga. Akawa anarudi kinyumenyume kwa hatua fupi, bila haraka, anamsukumia yule winga pembeni, pembeni zaidi, mpaka mtaro wa barabara ukawa ndio mstari na winga hana pa kwenda. Akanyoosha ncha ya kidole cha mguu, akauchomoa mpira. Kisha akainama, akapandisha soksi ya mguu wa kushoto.

Benchi lililipuka. Baba peke yake hakucheka. Kwa mara ya kwanza niliona utani umemshinda.

"Mbona unanisifu?" alifoka. "Kwani nimekufa?"

"Hujafa," alijibu Mzee Chilongani, anahema. "Ila ukuta hauelewi utani, Luka. Wewe naweza kukudanganya, ukuta siwezi. Misimu yote niliyokuja hapa sikumpita huyu bwana hata mara moja. Mchoreni. Kesho nitakanusha."

Na kweli kesho yake alikanusha, baba akapona. Fundi alimchora na pua ambayo haijawahi kuonekana katika ukoo wetu, lakini baba alisimama mbele ya ukuta ule akiwa ameridhika kabisa.

Baba alifariki masika iliyopita. Tulipotoa jeneza nyumbani, Mzee Chilongani alikuwa amesimama langoni, mzee sana sasa, fimbo yake ameilaza njiani. "Misimu yote alinizuia," alisema. "Leo zamu yangu." Waombolezaji walicheka huku wanalia, na ilibidi Bi Zuhura ambembeleze kwanza ndipo aokote fimbo yake. Nililia siku ile kuliko siku zote, na nilimpenda yule mzee kama mzazi.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwenye jumba la klabu. Ukuta umepakwa rangi ya kampuni ya simu, vichwa vyote vimefunikwa. Benchi lipo, lakini lina vijana wenye jezi za Ulaya, na kila bao wanalobishania wanalitazama tena na tena kwenye simu. Siwalaumu, wana bahati ya kujionea ambayo mimi sikuwa nayo. Niliwaonyesha mahali ilipokuwa namba tatu, nikawaambia ni baba yangu, na kwamba hakuwa na mfano.

"Mama, ulimwona akicheza?" mmoja akauliza.

Kwa sharti la Bi Zuhura nilipaswa kunyamaza.

"Nilimwona," nikasema. Nikavua viatu, nikaenda katikati ya barabara, nikainama kidogo na kutanua mikono, mguu wa kushoto nyuma. Nikamsukumia pembeni winga asiyekuwepo, taratibu, mpaka mtaroni, nikauchomoa mpira. Simu zikashuka mapajani. Ndipo nikainama, nikapandisha soksi.