Hitima ya Babu Asiye na Kaburi

Mama yangu alimzeesha baba yake mwaka hadi mwaka, bila ya kumkumbuka hata sura. Nilipokuwa mdogo, babu alikuwa mtu wa makamo. Nilipooa, alikuwa ameshaota mvi. Siku niliyomaliza shule ya jioni nikarudi kwetu Kilburn, hapa Landani, na cheti nimekishika juu kama niliyeteka nchi, mama alinibusu kipajini, kisha akasema, "Babu yako akisikia atafurahi. Ila masikio yake sasa, wallahi sijui."

Babu alikuwa baharia wa Unguja. Meli ilimleta Landani, vita vikuu vya pili vikamkuta huku, akajiandikisha jeshi la anga. Wakamweka mkiani mwa ndege ya mabomu, ndani ya kijumba cha kioo, na bunduki zake. Wenzake wakitazama waendako, yeye akitazama walikotoka. Usiku mmoja ndege ile iliondoka na watu saba, haikurudi, wala hakikuonekana hata kipande cha bawa. Nyumbani alikuwa ameacha mke na mtoto mchanga, ndiye huyu mama yangu. Serikali ikampelekea bibi habari kwamba mumewe hajulikani alipo.

Bibi akaling'ang'ania neno hilo. Hajulikani alipo, basi yupo. Hakukaa eda, hakusoma hitima. Wachumba waliokuja, ambao kwa maelezo ya mama wangejaza msikiti na wengine wakasali barazani, wote aliwarudisha: yeye ni mke wa mtu. Alipofariki, akamwachia mama zamu ya kungoja.

Na mama akangoja, huko Unguja na huku Kilburn. Nikimgusia hitima, jibu lake lilikuwa moja. "Kumsomea ni kumzika. Mie siwezi kumuua baba yangu kwa juzuu thelathini."

Mwaka huu akalazwa kwa ajili ya moyo. Aliporudi nyumbani hakuwa yule mama wa kunigombeza mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakaomba radhi. Jioni moja akaniambia, "Nikiondoka mie, hana wa kumngoja. Na kumsomea hajasomewa. Atabaki hivyo hivyo, si wa huku, si wa kule."

Nje kidogo ya Landani kuna ukuta wenye majina ya wanajeshi wa ndege wasio na makaburi. Nikamwambia twende tu tukaone, kuona si kuzika. Akakubali. Tukatoka asubuhi, mama, mie na binti yangu. Mama alibeba chupa ya maji, marashi na mrehani, ambao tuliupata mtaa wa Kenton, dukani kwa Mhindi mmoja wa Mombasa mwenye Kiswahili kitamu kuliko changu. Siku hiyo baridi ilikuwa ya kugandisha salamu kabla haijamfikia mtu.

Jina tukalikuta usawa wa kifua. Mama akafungua chupa, akasimama. Kwetu kaburi hulimwagia maji kuanzia kichwani mpaka miguuni, lakini ukuta umesimama wima, haulali.

"Kichwa kiko wapi?" akaniuliza.

"Mama, hapa hayupo. Hili jina tu."

"Najua jina tu. Nakuuliza kichwa chake."

"Tuseme hapo kushoto, linapoanzia."

"Tuseme," akanicheka. "Masomo yote yale, unaniambia tuseme."

Chupa ikabaki mkononi. Nikajua hatamwaga. Watu walipita na mashada yao ya maua, wakatukuta, wakatuacha.

Binti yangu huelewa Kiswahili chote, lakini hujibu kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza chake hicho hicho akamuuliza bibi yake, "Kwani alikuwa na miaka mingapi?"

"Alipopotea? Ishirini na mbili, alisema marehemu mama."

"Mdogo kuliko mimi."

Mama akamgeukia. Akamtazama kuanzia viatu mpaka nywele, msichana yule ambaye asubuhi alimfokea kwa kutoka bila ya kofia. Kisha akaligeukia jina, akakaa nalo muda. Sidhani kama alikuwa anamwona tena mzee wetu wa mvi na masikio mazito. Mie mwenyewe sikumwona. Nilimwona kijana ndani ya kioo, juu huko, gizani, na baridi inayopita hii.

"Kumbe mtoto," akasema mama polepole. "Mtoto mdogo huyu. Na sisi tumemsimamisha miaka yote hii."

Akamwaga maji. Yaliteremka ukutani, mengi yakaishia viatuni mwangu, sikusogea. Akanyunyiza marashi, akachomeka mrehani kwenye ufa mdogo chini ya jina, ukaanguka, binti yangu akauokota akamrudishia, akauchomeka tena. Kisha akainua mikono akamuombea, kwa sauti, kama mama anavyomuombea mwanawe.

Kwenye gari alikaa mbele na chupa tupu mapajani. Tulikuwa tumeshaingia mjini aliposema, "Ijumaa. Waite watu. Waambie nimefiwa na baba yangu."

"Wakiniuliza amekufa lini?"

"Waambie zamani. Ila sisi tumepata habari leo."

Tulipofika nikaanza kuwaarifu watu, na simu ya kwanza ya pole iliingia kabla ya magharibi. Nilitaka kumpokelea, akaninyang'anya.