Mume wangu alisema binti yetu amefeli, karatasi inasema alifaulu

Admin, naomba unifichie jina. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi kijijini huku Nkololo, Bariadi. Sikuwahi kukaa darasani hata siku moja. Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa. Kila tukikutana, kabla ya kununua hisa, katibu wetu anatufundisha kusoma. Alichoka kuwa yeye peke yake anayejua kilichoandikwa kwenye daftari. Nimejifunza kwa shida, ila sasa nasoma; kuandika bado, haya ananiandikia katibu.

Wiki iliyopita nilikuwa natafuta kitambulisho cha mume wangu sandukuni, nikakuta karatasi yenye muhuri wa shule. Nikaisoma polepole, herufi moja moja. Nikaona jina la binti yangu, na chini yake kwamba amechaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza.

Mume wangu alituambia amefeli. Majibu yalipotoka binti alikuwa Bukundi kwa shangazi yake, hakuona chochote. Na aliporudi, mimi ndiye niliyemwambia, "Umetutia aibu, kichwa chako hakina kitu." Alilia siku mbili. Baadaye ng'ombe wakaletwa, akaolewa hukohuko Bukundi akiwa na miaka kumi na sita. Leo ana kumi na tisa na mtoto mmoja.

Nilimwekea mume wangu ile karatasi mbele. Hakukataa. Alisema, "Pamba ilituangusha mwaka ule. Ningemsomesha na nini?"

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema ukweli.

"Ukimwambia atarudi hapa, na wale ng'ombe watadaiwa. Siku hiyo na wewe ufungashe urudi kwenu."

Tangu hapo hatuongei. Karatasi nimempa katibu anitunzie. Yeye anasema Bariadi mjini kuna darasa la wasichana waliokatishwa masomo, kikundi kitanikopesha ada, na mwisho wa kuandikisha ni Ijumaa. Lakini mkwe wangu si mtu mbaya, anamtunza mwanangu. Naogopa kuvunja nyumba yake na yangu.

Jana binti alikuja kutusalimia. Baba yake alikaa nasi muda wote, hakutoka hata kwenda kuangalia mifugo. Binti akampakata mwanawe, akaniambia huku anacheka, "Mayu (mama), niombee huyu asirithi kichwa changu."

Nikainama kuchochea moto. Mume wangu naye alikuwa anaangalia chini.

Anarudi Bukundi keshokutwa asubuhi. Ndugu zangu, nyie mngekuwa mimi mngemwambia, au mngemwacha aondoke hivyo hivyo?