Zoezi la Sitini

Nishawahi kutamani mke wangu anikamate na mchepuko.

Usicheke. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, nyumbani kwangu Mkunya. Siku ile ningekuwa na mchepuko kweli, ningeshukuru.

Naitwa Mujibu. Nafundisha hisabati shule ya msingi huku huku Newala.

Miaka miwili nyuma nilienda Ndanda kuchapisha mitihani. Steshenari ile ya barabarani ni ya mama mmoja anaitwa Ursula, wateja tunamwita Mama Isabela. Mashine ikiwa inatoa karatasi, akanionyesha kitu kwenye kompyuta yake.

Programu ya hisabati. Mazoezi sitini, Kiswahili kitupu, haitaki bando. Maswali ya korosho, ya mihogo, ya ndoo za maji ya mvua. Ukikosea inakurudisha polepole bila kukudharau, ila huwezi kuruka. Umalize moja ndo upewe jingine. Alijifunza mwenyewe hapo dukani, akaitengeneza kwa miaka mitatu.

"Chukua, mwalimu," akaniambia. "Gawa popote. Ni bure."

Ukurasa wa kwanza aliacha nafasi ya jina la mwalimu, watoto wajisikie ni kitu cha darasani kwao. Nikajaza MWALIMU MUJIBU kwa herufi kubwa. Jina lake yeye sikuliona popote, lakini mimi niliishia zoezi la nne. Mwalimu mzima nikae nafanya hesabu za watoto?

Programu ikasambaa. Flashi kwa flashi, Newala, Masasi, mpaka Nanganga, na jina langu limo. Watu wakaanza kuiita Programu ya Mujibu. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikanyamaza. Mara ya tatu nikaitika.

Ndipo ikaja barua pepe kutoka nje. Tuzo ya kimataifa ya watu wanaotengeneza programu za elimu na kuzitoa bure. Wameiona yetu. Mwishoni swali moja: je, wewe ndiye uliyeitengeneza?

Nilikaa na lile swali siku mbili. Nikajiambia, yule mama alisema bure. Mtu anayetoa bure hana anachokitaka.

Nikaandika: Ndiyo.

Neno moja tu, jamani. Nikajifungia mlango na ufunguo nikautupa nje.

Wiki mbili baadaye niliambiwa nimefika fainali, nisafiri huko nje kwenye utoaji wa tuzo. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Jonathan, akatundika bango getini lenye picha yangu. Msikitini nikaombewa dua. Fundi akanipima suti. Kila aliyenipa mkono nilihisi ananibana shingo.

Ofisini walimu wakabishana.

"Hawa ndio wa kupewa tuzo kubwa," alisema Mwalimu Jonathan. "Mtu anafundisha watoto elfu ambao hajawahi kuwaona."

"Mimi sikubali," akajibu Mwalimu Devotha. "Ukishapewa tuzo, hiyo bure yako iko wapi? Mwalimu Mujibu, wewe unasemaje?"

Nilisema naenda msalani. Nikakaa huko mpaka kengele ikalia.

Sherehe ya kuniaga ilikuwa Ijumaa. Alhamisi nikapewa ruhusa nikajiandae.

Nikamkuta mke wangu, Mwanaheri, amekaa mbele ya kompyuta yetu kuukuu. Mwanaheri aliishia darasa la saba. Mwaka mzima, akishamaliza kazi za shamba, alikuwa anafanya yale mazoezi kimyakimya. Nilikuwa naona na sikuwahi kumuuliza amefika wapi.

"Baba Faidha," akasema bila kugeuka. "Ursula ni nani?"

Nikasogea karibu na kompyuta.

"Nimemaliza la sitini. Soma mwenyewe."

Nikasoma. *Hongera! Niliyekuandalia haya kwa moyo wangu wote ni mimi, Ursula wa Ndanda. Nipigie, nisikie sauti yako.* Chini yake, namba ya simu.

"Mwanamke anakuandikia maneno ya moyo ndani ya kazi yako," akasema. "Umeanza lini naye?"

Hapo ndipo nilipotamani. Mchepuko unaombewa msamaha, shangazi wanakuja, wanapatanisha, maisha yanaendelea. Mdomo nikaufungua kabisa niseme ndiyo, ni mchepuko wangu.

Nikamwangalia. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini kidole chake kilikuwa bado kwenye neno *hongera*. Amemaliza sitini, na siku yake ya furaha nimemharibia.

"Siyo kazi yangu," nikasema. "Ni yake. Yote."

Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akasema, "Bora ungekuwa na mwanamke."

Akaenda kuvaa. "Twende Ndanda. Leo hii."

Mama Isabela alikuwa anatoa kopi. Aliniona, hakushtuka.

"Shikamoo," Mwanaheri akamwamkia. "Mimi ni mke wake. Nimemaliza la sitini."

Yule mama akaacha mashine, akamshika mikono yote miwili. "Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia."

Nikaanza kujitetea. Kwamba nilidhani, kwa kuwa ni bure, hahitaji tuzo.

"Nani kakwambia siitaki?"

Akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa. Na yeye alikuwa ameomba ile tuzo. Walimjibu kwamba programu hiyo ina mwenyewe, Mwalimu Mujibu wa Newala, na kuleta kazi ya mtu mwingine ni wizi.

"Niliwaandikia wafike zoezi la sitini wataniona," akasema. "Hakuna aliyefika. Mwalimu, nilitoa programu. Jina langu sikulitoa."

Nikaisoma ile karatasi, nikamrudishia.

Jioni ile niliwaandikia watu wa tuzo ukweli. Ijumaa nikasimama mbele ya shule nzima nikausema, bango likashushwa nikiwa naliangalia. Nilidhani tuzo itahamia kwa mwenyewe. Wakajibu kwamba kazi yenye mgogoro inaondolewa. Mwaka huu wamepewa wengine.

Barua ile nilimpelekea kwa mkono. Aliisoma, akaikunja, akaiweka droo ileile pamoja na ya kwanza. Akaniuliza kama nina kitu cha kuchapisha.

Mtaniuliza kama watu hawa wanaotoa bure wanastahili tuzo kubwa za dunia. Wanastahili, na anayesema hawahitaji mara nyingi ni yule anayekula kwa jina lao, kama nilivyokuwa mimi. Ukipewa kitu bure, mtaje aliyekupa. Hiyo peke yake ndiyo bei yake.

Mimi nimeanza upya, zoezi la kwanza. Mwanaheri ndiye anayenisimamia, na bado ananisemesha kwa kupima maneno. Jana niko la ishirini na tatu, nikamwomba anionyeshe tu ule ukurasa wa mwisho.

"Hairukwi," akasema. "Fanya."