Majani ya Mgomba Ndani ya Air Fryer

Aibu niliyopata sitaficha, maana hata nikienda soko la Angurai kuna watu bado wananiuliza kama nyumba imepoa. Afadhali mnisikie mimi kabla hamjasikia ya Felista, ameiongeza chumvi.

Mjukuu wangu Apio alikuwa anaposwa. Kijana ni Wycliffe wa Butula, akaja na baba yake, mzee Barasa, na shangazi yake, ndiye huyo Felista. Apio akataka wageni wapikiwe steki kwa air fryer aliyotuletea kutoka Nairobi (jungu la umeme linalokaanga kwa upepo moto, kuni hakuna), ndio waone hata hapa Moding tumeendelea. Aliyefundishwa vifungo ni Imelda, mama yake Apio, mke wa mwanangu. Lakini kwetu mama mkwe haonani na mkwe wake, na pa kuchomeka waya ni sebuleni tu, kando ya televisheni. Kwa hivyo Imelda akajificha nyuma ya nyumba, Apio akafungiwa chumbani na wasichana, nikabaki mimi nyanya, ambaye mkwe haniogopi.

Apio alikuwa ameniambia niweke nyama hivyo hivyo, tupu. Nikaiangalia imelala juu ya chuma, nikaihurumia. Maisha yangu yote nyama ya mgeni naitandikia majani ya mgomba kwa sufuria, basi nikatandika na humo, nikaifunika na jani lingine juu, nikabonyeza, nikaketi kujisifu.

"Inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi," mzee Barasa akasema.

"Ni ya kisasa, baba," nikamjibu (na mimi maandishi yake hata siyasomi).

Kumbe ule upepo umeinua jani ukalibandika kwa chuma cha moto. Moshi ukajaa sebule yote!

"Mama, zima!" Imelda akaita kutoka nje.

"Nizime wapi?"

"Ukutani, mama! Ukutani!"

Nikazima televisheni.

Felista akaanza kuita watakatifu, Wycliffe akakimbilia mlango wa nyuma, na Imelda naye, uvumilivu umemwisha, akawa anaingia hapo hapo na beseni ya maji (maji kwa stima, jamani!). Wakagongana kifua kwa kifua. Suti ya kijana ikalowa yote, Imelda akajifunika kichwa na leso akatorokea migombani.

Mama mkwe na mkwe! Kwetu hiyo inaweza kuvunja posa. Tukajikuta wote nje tunakohoa, na Apio analia dirishani, "Nyanya, umeniharibia!" Nikaenda mbele ya mzee Barasa nikasema, "Baba, kosa ni langu, mtoto hana makosa."

Felista ndiye aliyerudi ndani akazima, akatoka na nyama kwa sahani, nje nyeusi, ndani damu tupu. Akaitazama. "Huyu ng'ombe juu ameungua, ndani bado anatafuta nyasi."

Wycliffe, maji yakimtiririka, akacheka wa kwanza. Mzee Barasa akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Msichana tumempenda," akasema. "Sharti letu ni moja. Siku ya harusi nyanya asipike."

Nikakubali, na nikaapa jani la mgomba sitalipeleka tena mahali penye waya. Harusi ikafanyika. Nilikaa kwa kiti siku nzima, mikono mapajani, na kila nilipoinuka, hata kwenda choo, mtu wa Butula alikuwa ananiuliza, "Nyanya, unaenda wapi?"