Malalamiko Matano ya Mvua

Taarifa ya kwanza niliisoma nikiwa nimesimama katika chumba cha walimu, kikombe cha chai mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia. Ilitoka kwenye kampuni ya mbali ambayo nilikuwa natumia mitambo yake kutuma jarida langu kwa barua pepe. Iliandikwa kwa Kiingereza kikavu, na maana yake ilikuwa hii: wasomaji watatu wameripoti ujumbe wako kuwa ni taka, malalamiko yakiongezeka, akaunti itasimamishwa na mwenendo wako utachunguzwa.

Niliweka kikombe chini. Kuitwa taka hakukunisumbua sana. Kilichonikaa ni lile neno malalamiko.

Mtu asiye mtumishi wa serikali anaweza kucheka. Mimi nafundisha Jiografia katika sekondari moja karibu na Nangwa, nililetwa huku kutoka Mtwara miaka kumi na moja iliyopita, na ninavyojua, malalamiko yana miguu. Yanaanzia kwa mtu mmoja, yanaingia kwenye faili, faili linapanda wilayani, na siku ukiitwa hukumbuki hata ulisema nini. Sikuwa na kosa ninalolijua. Lakini nilikuwa na jarida.

Liliitwa Milimita. Lilitoka mara moja kwa mwezi, bure, kwa watu sitini na kidogo wanaopenda kupima mvua: walimu, manesi, mabwana shamba, wastaafu wachache. Kila mmoja alikuwa na chupa kubwa ya maji iliyokatwa shingo, shingo ikageuzwa juu chini kama faneli, na rula imebandikwa ubavuni. Tulitumiana vipimo. Tuliandikiana vituko pia, kama yule wa Endagikot aliyeandika kwamba kipimo chake cha Jumanne hakipo kwa kuwa kimenywewa na ndama wa jirani. Nilichagua barua pepe kwa sababu makundi ya simu hujaa salamu na michango ya misiba, na jedwali la mvua likiingia humo halionekani tena.

Sasa, katika toleo lililozaa malalamiko, nilikuwa nimeandika sentensi moja ambayo haikuwa jedwali. Upande wa Gendabi, kijiji cha chini ya mlima, ilikuwa imenyesha milimita zaidi ya sabini kwa siku moja. Chini ya namba hiyo niliandika: wanaokaa karibu na korongo wawe macho. Basi. Lakini kila mtu huku anajua mlima ulishusha nini mwaka ule wa matope yaliyofukia nyumba na watu, na kila mtumishi anajua kwamba habari za hali ya hewa zina wenyewe. Mwalimu anayewaambia watu wawe macho anaweza kuambiwa anazua taharuki.

Mkuu wa shule alikuwa ameshanionya kwa utani. Naye alikuwa msomaji wangu. "Madam na mvua yako," alisema siku moja mbele ya walimu, "utakuja kuitwa wilayani, utuletee ukame hapa."

Walimu walicheka. Na mimi nilicheka. Baada ya ile taarifa kicheko hicho kilinirudia mara nyingi.

Kwa kuwa siwezi kuogopa bila utaratibu, nilichukua daftari nikachora safu tatu: jina la msomaji, mara ya mwisho aliponiandikia, na sababu ya kunichukia. Kampuni haitaji waliolalamika. Inatoa idadi tu. Kwa hiyo niliwapima wote. Bwana shamba mmoja alikuwa kimya tangu Agosti. Nesi mstaafu wa Gendabi, ambaye tangu toleo la kwanza hakukosa kuleta kipimo hata mwezi mmoja, alikuwa amenyamaza tangu masika. Mkuu wa shule nilimwandika kwa penseli, nikafuta, nikamwandika tena.

Toleo lililofuata nililinyoa. Hakuna korongo, hakuna mlima, namba tupu na picha ya ua la kibuyu. Nilituma Jumatano. Alhamisi mchana taarifa ikaja: malalamiko yamefika matano.

Ijumaa, wanafunzi wakitawanyika, mkuu wa shule aliniita kutoka dirishani. "Madam, Jumatatu pita ofisini. Kuna barua yako kutoka wilayani."

"Inahusu nini, mkuu?"

"Imefungwa. Mimi sifungui barua ya mtu. Na funguo ya kabati nimeacha nyumbani." Akafunga dirisha.

Nilitembea kwenda nyumbani. Niliona vitu vyote kwa usafi wa ajabu, kana kwamba nitatakiwa kuvieleza baadaye: mawingu yamekaa mlimani hadi nusu, mama mmoja anaanua mahindi, punda wawili wamegeuziana migongo. Nilianza hata kupanga majibu. Ndiyo, ni mimi niliyeandika. Hapana, sikutumwa na mtu. Ndiyo, nilijua kwamba si kazi yangu.

Jumamosi asubuhi nilikwenda mjini Katesh kuchapisha matoleo yote ya Milimita. Nilitaka wakiniuliza niwe na karatasi mkononi, wasome wenyewe kila nilichosema.

Steshenari ninayoitumia ni ya binti wa familia moja ya wafanyabiashara pale sokoni. Robo ya wasomaji wangu walifunguliwa barua pepe zao na yeye, walipokuwa wakiomba kazi au mikopo ya watoto chuoni. Ana daftari la jalada gumu lenye anwani na maneno yao ya siri, na siku ya soko watu hupita na kumwambia tu, "Hebu niangalizie kama kuna kitu." Yeye hufungua, huwasomea la maana, hufuta mengine.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Nina kazi kubwa ya kuchapa."

"Kaa hapo kwenye benchi, mashine inapata moto. Namalizia imeli za watu."

Nilikaa nyuma yake. Kioo cha kompyuta kilikuwa mbele ya macho yangu, na sikukusudia kusoma, ila macho ya mwalimu yamezoea kusoma nyuma ya mgongo wa mtu. Alifungua sanduku la mteja mmoja. Tangazo la kazi, akaliacha. Ujumbe wa benki, akauacha. Kisha nikaona ua la kibuyu. Milimita yangu. Binti hakuifungua. Alisogeza mshale, akabonyeza Ripoti taka, akaenda kwenye sanduku la mtu mwingine, mkono mwepesi kama wa mtu anayechambua mchele.

Nilisimama.

"Umebonyeza nini hapo?"

Aligeuka. Nadhani alikuwa amesahau mimi ni nani. "Aa, madam! Jamani. Nakuwekea pembeni tu."

"Pembeni wapi? Kuna sehemu ya kujiondoa, chini kabisa. Nimeiandika kwa herufi kubwa."

"Naiona, madam. Ila ile inakupelekea taarifa. Utaona fulani kaondoka." Alishusha sauti kwa sababu mteja alikuwa amesimama mlangoni akichagua madaftari. "Mtu mzima, mwalimu, anakuletea kitu bure kila mwezi, halafu umwambie basi, sikitaki? Tena kwa kompyuta, bila hata shikamoo? Wateja wangu wanaona aibu. Wananiambia, dada, nitolee hii kwa adabu. Ndiyo maana natumia hii nyingine. Haitaji jina. Inaingia kwenye taka, madam hajui, hakuna aliyekosewa."

"Inaandikwa kuwa ni malalamiko," nilisema. "Inakwenda kwenye kampuni. Wamesema watanichunguza."

Aliondoa mkono kwenye kipanya kama kimemchoma. "Nimekushtaki?"

"Ndiyo."

"Mimi? Kwa Wazungu?" Alifunika mdomo kwa mtandio. "Madam, niapie hawatakufunga."

Nilitaka kumwapia, nikashindwa. Barua ya wilayani ilikuwa kwenye kabati la mkuu wa shule, na sikujua ndani yake kuna nini. Nilimuuliza wako wangapi aliowatoa kwa adabu namna hiyo. Alihesabu kwenye daftari kwa kidole: watano, na huyu wa sasa wa sita. Nikauliza huyu wa sasa ni nani. Alikataa kwanza, akasema maneno ya siri ya watu ni amana. Mwishowe alisema, "Ni mama nesi wa Gendabi. Yeye hakusema umemuudhi. Alisema mvua zako zinamrudisha kule kwenye matope."

Sikuchapisha kitu siku ile.

Jumapili mchana, baada ya misa, nilikodi pikipiki hadi Gendabi. Nilijiambia nakwenda kuthibitisha habari, lakini ukweli ni kwamba sikuweza kukaa nyumbani kuisubiri Jumatatu. Nesi mstaafu alikuwa uani anachagua maharage. Aliponiona aliinuka haraka mno kwa umri wake, akakung'uta kanga mara mbili mahali pasipo na vumbi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunigombeza."

"Hapana."

"Binti amenipigia simu analia. Anasema nimekupeleka polisi." Maharage mawili yalimponyoka. Ndipo nilipoona jambo ambalo safu zangu tatu hazikuwa na nafasi yake: wiki zote nilizokuwa namwogopa, na yeye alikuwa ananiogopa mimi.

Tulikaa. Juu ya nguzo ya uzio niliona chupa yake ya kupimia, safi, rula imebandikwa upya. Nikashangaa. "Kumbe bado unapima?"

"Kila siku saa tatu. Yangu sikuacha."

"Sasa tatizo ni nini, mama?"

Alitazama upande wa mlima kabla ya kujibu. "Ya kwangu naiona kwa macho. Ikizidi, nachukua kanga na redio, napanda kwa mdogo wangu kule juu. Ya kwako inakuja imeandikwa, wiki tatu baadaye. Sabini na kitu, Gendabi. Mvua yenyewe imeshakauka, nguo zimeshaanikwa, na mimi naanza kuiogopa upya, nikiwa nimekaa kwenye kiti. Nitaikimbia wapi hiyo?"

Niliitazama ile chupa nguzoni. Nimeandika Milimita kwa miaka minne nikiamini kwamba namba haimdhuru mtu.

Alinipa simu yake ndogo ya kugusa, imepasuka kona. Tulifungua barua pepe pamoja, tukashuka hadi chini, nikamwonyesha palipoandikwa Jiondoe. Hakubonyeza. Alisimama kwanza, akanipa mikono yote miwili.

"Naomba kuaga, mwalimu. Nimefaidi. Mungu akuzidishie."

"Asante, mama. Hatujagombana."

"Hatujagombana." Akabonyeza, akashusha pumzi.

Jumatatu saa mbili nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa shule. Alifungua kabati polepole. Bahasha ilikuwa na muhuri. Niliipasua vibaya hata kona ya karatasi ikabaki ndani. Nilikuwa nimeteuliwa kuhudhuria semina ya walimu wa Jiografia, siku tatu, nijitegemee malazi.

Nilikaa bila kuambiwa nikae.

"Unaumwa, madam?"

Nilimweleza yote, malalamiko na ile steshenari. Alinisikiliza akiwa anazungusha kalamu, na kadiri nilivyoendelea ndivyo alivyozidi kuitazama kalamu.

"Sasa mimi nikwambie," alisema. "Na mimi ni mmojawapo. Nilimwambia yule binti anitoe kwa adabu. Nina imeli moja tu, na ya wizara inapita humohumo."

"Mkuu, si ungeniambia tu!"

"Nikwambieje? Tunakunywa chai meza moja."

Wiki hiyo binti wa steshenari alinipa orodha yake, nikawaondoa wale watano waliobaki kwa mkono wangu, nikawapigia simu mmoja mmoja tukaagana. Niliiandikia kampuni kueleza, ikajibu kwa mistari miwili kwamba akaunti itabaki chini ya uangalizi. Toleo lililofuata nililianza na maneno haya: anayetaka kuondoka aje aage au anipigie, nitamtoa mwenyewe, na tutaendelea kusalimiana. Wakaondoka tisa zaidi. Wengine walikuja hadi shuleni. Mmoja aliniletea mayai.

Baada ya lile la sita, malalamiko hayajaongezeka. Lakini hadi leo nikituma naanza kufungua ukurasa ule wa hesabu yao kabla ya kusoma jibu la mtu yeyote.

Nesi wa Gendabi hapokei tena Milimita. Ila siku ya tatu baada ya kuagana alinitumia ujumbe mfupi wa simu, bila salamu, yeye ambaye hukosi salamu kwake: "Sita. Nipo." Tangu hapo kila asubuhi yenye mvua naupata, namba ya milimita na neno hilo moja. Namba hizo siziandiki kwenye jarida. Saa tatu ikifika nakuwa darasani, simu imelala juu ya meza, kioo kimetazama juu. Wanafunzi wanadhani nasubiri habari za nyumbani.

Leo imenyesha tangu alfajiri. Ni saa tatu na nusu, na kioo bado ni cheusi.